Vifuko Vilivyopita Mlango wa Jikoni

Tarehe 9 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mdomo ni uleule unaoujua, haujapata dawa. Natumaini miguu yako imepungua kuvimba, na yule msimamizi wenu wa dobi ameacha kuwahesabia dakika za chooni. Hapa paa bado linavuja palepale, juu ya kabati. Fundi viatu wa chumba cha mbele anakusalimu, na anasema vile viatu ulivyomwachia avitie soli ameshampa mkewe, usivitafute.

Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu ukisikia jambo usilolitaka unasema mtandao mbaya, unakata. Barua huwezi kuikata kalima, itabidi uisome mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni hii. Kiwanda cha sare kimefunga zamu yetu. Tuliitwa kumi na wanne, tukaambiwa asanteni kwa uvumilivu, kila mmoja akapewa bahasha nyembamba na mfuko wa vitambaa vya mabaki, kana kwamba sisi ni panya tunaokwenda kujenga kiota. Nimerudi na mabaki yangu, nimekaa mbele ya cherehani ya mama, nakodoa macho dirishani.

Juzi akaja muuguzi wa zahanati na gauni lake, anataka nimpunguzie kiuno. Akakiona kile kifuko kinachoning'inia kwenye msumari, cha mwisho alichoshona mama. Akauliza ni nini. Nikamweleza kwamba hiki ni cha kumpa mgeni wa harusi aende nacho kwake. Hakizidi kiganja, kimeshonwa pande zote, na ndani kuna kikaratasi chenye neno la heri lililoandikwa kwa mkono. Hakifunguliwi ovyo. Wageni wanasubiri mshereheshaji atoe ruhusa, kisha ukumbi mzima unavuta uzi kwa pamoja, mshono unafumuka, kila mtu anasoma lake. Muuguzi alikishika kama ameshika kifaranga. Anaolewa mwezi wa sita na anataka themanini. Tena analipa, Mama mdogo. Bei aliitaja yeye kabla sijafungua kinywa, na unajua mimi sichelewi kufungua kinywa.

Sasa nakuuliza wewe, maana sina mwingine. Mama alishona vya harusi saba za ukoo huu bila kupokea hata sindano. Watu wa nje wakimwomba awauzie alikuwa anasema vya kwetu haviuzwi, basi, mlango umefungwa. Nikiuza nitakuwa nimemvunjia neno lake kaburini? Au nikae na njaa huku mikono yangu inaijua kazi?

Na kuna jambo linanikereketa kila nikikitazama kifuko hicho. Ile harusi ya saba, ya binti mkubwa wa Shangazi. Mama alishona mia mbili na hamsini, miezi mitatu, na macho yalikuwa yameanza kumfifia. Kadi ya mwaliko haikuja. Tulipopeleka vikapu, Shangazi alimpitisha mlango wa jikoni, yeye wifi yake, mjane wa kaka yake wa tumbo moja. Akasema viwekeni hapo juu ya magunia ya viazi, asanteni sana, mfike salama. Halafu tukaja kusikia aliwaambia wageni kwamba vifuko vimeagizwa kutoka nje. Mwaka uliofuata tukamzika mama.

Wewe ulialikwa. Ulikaa meza gani siku ile? Sijawahi kukuuliza.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako ililala kwa mlinzi wa geti siku tisa kwa sababu hasomi mwandiko wa watu wenye haraka. Miguu ni ileile. Tumeletewa pasi kubwa ya mvuke inayonyoosha mashuka mawili kwa mpigo, na wiki ya kwanza imeshamuunguza mwenzetu mkono. Msimamizi akasema ni ugeni wa mashine.

Pole sana kwa kazi. Nimeumia.

Kuhusu vifuko, usiuze. Mama yako alikataa na alikuwa na sababu zake. Karibu na hapo kuna shule tatu, na kila mtoto anakua, na kila sare inahitaji kuongezwa pindo. Kazi hiyo unaiweza ukiwa umefumba macho.

Mambo ya harusi ile yaache yalipo, ni miaka sita sasa. Shangazi yako ndiye mwenye ukumbi pekee wa maana mjini, kila anayeoa anapita mikononi mwake. Ukimchokoza utajifungia milango yote mwenyewe.

Nimekuwekea kipande cha shuka kuukuu, kimefuliwa na kunyooshwa. Kinafaa kwa bitana.

Mama yako mdogo


Tarehe 22 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Shuka limefika, ni jeupe hata naogopa kulikata. Asante. Fundi viatu amepata mtoto wa kike, anamwita Soli, mkewe amenuna.

Nimeona umeruka swali langu la meza. Umelirukia mbali kweli. Basi, nitalirudia siku nyingine.

Sasa shika kiti. Shangazi alikuja hapa. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake, baada ya miaka sita ya kutupungia mkono ndani ya gari. Alikuja na pakiti ya biskuti na uso wa huruma, akakaa kwenye kigoda cha mama bila kukaribishwa, akapapasa cherehani kana kwamba anampapasa ng'ombe wake. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa nusu saa nzima, mara nimekua, mara nimefanana na baba, mara mikono yangu ni urithi wa ukoo. Nikawa namtazama tu nangoja aliteme.

Akalitema. Kitindamimba wake anaolewa mwezi wa saba. Anataka vifuko mia tatu. Nikamuuliza bei. Akacheka, akasema, "Bei tena? Nifanyie kama mama yako alivyonifanyia."

Mama mdogo, damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Lakini nilitabasamu. Kutabasamu vile nimejifunza kwako. Nikamwambia nitafikiria. Alipofika mlangoni akageuka kuuliza kama maneno ya ndani nitayaandika mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akashuka ngazi, akapanda tena, akauliza lilelile mara ya pili: "Utaandika kweli? Kila kimoja?" Sikuelewa limemtoka wapi, nikamwambia Shangazi usiwe na wasiwasi, nitaandika.

Na nitaandika. Nimeshaamua. Nitamshonea vyote mia tatu, bure, kwa uzi mzuri kuliko wote, na ndani ya kila kimoja nitaweka maneno haya: Aliyeshona vya harusi ya dada aliingizwa kwa mlango wa jikoni. Mshereheshaji atasema vuteni, ukumbi mzima utavuta, na Shangazi atakuwa amekaa mbele na hereni zake, watu mia tatu wakisoma kwa pamoja. Nataka nione rangi ya uso wake. Nikishaiona hiyo, hata nisiposhona tena maishani, roho itanisuuzika.

Muuguzi nimemwomba anivumilie kidogo.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 19 Aprili

Chiriku,

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu. Hapa wazima. Mwenzetu wa mkono amerudi kazini, amepangiwa kukunja tu.

Usifanye hivyo. Nisikilize hata kama hutaki. Mgeni akivuta uzi wa kifuko chako akakuta sumu, nani tena atakiweka kifuko chako mezani kwake? Huyo muuguzi atakimbia wa kwanza. Utakuwa umemlipiza Shangazi siku moja, na wewe umejinyima chakula miaka yote iliyobaki. Na yule mtoto anayeolewa hajakukosea kitu. Siku ya harusi ya dada yake alikuwa bado anavaa soksi za shule.

Tena kuna jambo. Nilikuwa nimekusudia kufa nalo, lakini unanilazimisha. Mama yako alishajilipizia mwenyewe.

Siku ile mshereheshaji alisema vuteni. Tukavuta. Ndani mlikuwa na kikaratasi kilichokunjwa vizuri, na hakina neno. Meza yetu tulidhani ni kosa la kimoja. Kisha nikasikia meza za nyuma wanaulizana, na za mbele, na mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Mbona changu hakina kitu?" Vyote mia mbili na hamsini, vitupu. Mshereheshaji akajichekesha, akasema ni mtindo mpya, kila mgeni ajiandikie mwenyewe, na watu wakachekea viganjani. Shangazi yako alibaki na karatasi yake mkononi mpaka keki ikakatwa. Yeye ndiye aliyekuwa amesema vimetoka nje, kwa hiyo hakuweza kumlaumu mtu.

Ndoa ile haikumaliza mwaka, unajua. Sisemi ni kwa sababu hiyo, lakini Shangazi yako anaamini hivyo. Ndiyo maana alikuuliza mara mbili kama utaandika. Anaogopa, mwanangu. Hakuja kutafuta vifuko vya bure, alikuja kutafuta mkono wa mama yako.

Na hilo la kutouza nalo nikuambie, maana nimeshafungua mdomo. Mama yako alitaka kuuza. Alikuwa ameshachagua na kibanda karibu na kituo. Baba yako alipofariki, dada yake ndiye aliyekuwa na kauli ndani ya nyumba hiyo, na yeye ndiye aliyesema mjane wa kaka yake hatachuuza barabarani akamwaibisha. Vya kwetu haviuzwi ni maneno ya Shangazi yako. Mama yako aliyameza tu mpaka yakawa kama yake.

Sasa umejua. Alishalipiza, wewe pumzika.

Mama yako mdogo


Tarehe 5 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kisha nikatoa lile kopo la biskuti la vifungo, lililo chini ya kabati, maana nilikumbuka mama hakutaka niliguse mwaka ule wa mwisho. Nikamwaga vifungo sakafuni. Chini kabisa, chini ya kadibodi, kulikuwa na mafungu matano ya vikaratasi yamefungwa uzi wa bluu. Nimehesabu, ni mia mbili na hamsini. Aliyaandika maneno yote, Mama mdogo. Mwandiko umeyumba, mengine yamepanda juu ya mstari kwa sababu ya macho, lakini ameandika kila moja. Moja linasema, "Mkigombana, mmoja wenu akumbuke kucheka." Lingine, "Asubuhi zenu zisiwe na haraka." Lingine nimelibandika juu ya cherehani: "Mzeeke mkiwa bado mnabishana nani kapika vizuri."

Nilikuwa kiwandani mchana kutwa, kwa hiyo sikuona alipoyatoa. Lakini nakumbuka alivyokuwa anasubiri kadi. Kila nikirudi ananiuliza kama nimekutana na mtu wa Shangazi njiani. Aliacha midomo ya vifuko bila kuishona mpaka siku mbili za mwisho, akasema mgongo unamuuma. Sasa ninajua alikuwa anaipa kadi nafasi ya kufika. Haikufika, akatoa maneno yake mema, akaweka karatasi tupu, akashona. Nimelia mpaka kamasi. Nilipomaliza kulia nikagundua hasira haijaondoka, imekaa vizuri zaidi.

Umesema nipumzike kwa kuwa ameshalipiza. Amelipiza wapi? Amekufa watu wakidhani vile vitupu vimetoka nje. Hata kisasi chake kilipita mlango wa jikoni.

Basi nimeamua, na sikuombi ruhusa tena. Ninauza. Muuguzi nimemwita, nimemshonea, na ndani ya themanini zake nimeweka themanini za mama. Maneno aliyoyaandikia ukoo huu yatakwenda kwa mgeni ambaye hata hajui jina lake, aliyekuja na pesa yake mkononi na kusema tafadhali. Shangazi alizikosa heri hizo kwa kunyima kadi moja ya mwaliko.

Na Shangazi mwenyewe nilimfuata ofisini kwake, kile chumba cha nyuma ya ukumbi, viti vimepangwa mpaka darini na riboni za watu wengine zimejaa kwenye kikapu. Alikuwa anabandika namba za meza. Nikamwambia nitamshonea mia tatu, kwa masharti. Bei ni ileile ya muuguzi. Nitaingia kwa mlango wa mbele nikiwa na kadi. Na mimi siandiki hata neno moja ndani. Ataandika yeye, kwa mkono wake, chumbani kwangu, kwenye kigoda cha mama, vyote mia tatu. Mstari wa kwanza amwombee mwanawe heri yoyote apendayo, simwingilii. Wa pili nitautoa mimi: Wifi yangu alishona vya harusi ya binti yangu wa kwanza, nami nikampitisha mlango wa jikoni.

Gundi ikamkaukia kidoleni. Akasema, "Na nikikataa?"

"Utanunua vya dukani. Vinakuja na peremende."

Akaanza kuikwangua ile gundi kwa ukucha, Mama mdogo, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Sikumhurumia. Nakuandikia ili ujue kwamba sikumhurumia.

Hajajibu. Nasubiri, kama mama alivyosubiri kadi.

Nimeona pia kwamba barua yako ndefu yote inahusu ndani ya ukumbi. Umeona karatasi, umeona uso wa Shangazi, umemsikia mtoto. Sisi tulipita na vikapu sita, tukarudi mara mbili. Hukuona?

Chiriku


Tarehe 1 Juni

Mwanangu,

Nimefurahi umeyapata maneno ya dada yangu. Ukipata nafasi ninakilie matano au sita.

Kuhusu Shangazi yako sina la kusema. Una kichwa cha mama yako, na yeye pia nilikuwa simwezi.

Pasi imeharibika, tunatumia zile ndogo. Vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo naishia hapa.

Mama yako mdogo


Tarehe 25 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Nilikaa kimya karibu miezi miwili kwa kuwa sikutaka kukuandikia nusu. Soli ameanza kukaa mwenyewe. Nimenunua mabati mawili, kabati halilowi tena. Ninanakili maneno ya mama usiku na mchana kwa ajili yako, uongo, nimenakili sita tu, yamo humu.

Shangazi alikuja. Wiki mbili baada ya ile siku ya ofisini, saa nne asubuhi, na miwani na mto wa kukalia. Mto nikamrudishia. Nikampa kalamu ya mama na kigoda cha mama kinachoyumba, nikamsogeza dirishani pale pale. Alikuja siku kumi na mbili, vikaratasi ishirini na tano kila siku. Mimi nilishona nyuma yake, hatukuzungumza zaidi ya nipishe na nipe maji.

Siku ya kwanza aliandika haraka haraka, kama mtu anayetia sahihi risiti. Nikamrudishia saba, nikasema havisomeki. Siku ya tatu mkono ukaanza kumuuma. Siku ya tano akaniomba afupishe, aandike tu "nilimpitisha jikoni," wanaojua watajua. Nikamwambia mama hakufupisha mshono. Akaendelea. Siku ya nane nikaona mstari wake unapanda na kushuka kama wa mama, machozi yalikuwa yanamsumbua, akawa anafuta miwani kwa upindo wa nguo. Siku ya tisa akaniuliza, bila kugeuka, kama mama alijua kwamba kadi haiji. Nikasema alisubiri mpaka siku mbili za mwisho. Akavuta kikaratasi kingine, akauliza amefika ngapi. Nikamwambia mia mbili na tatu.

Alilipa bei yote bila kuomba apunguziwe. Kadi yangu ililetwa na bibi harusi mwenyewe. Alikuwa ameshamlazimisha mama yake amwambie kila kitu, na akaniambia visiondolewe, vikae hivyo hivyo. Mtoto yule anayo haya ambayo ukoo mzima umeikosa.

Siku ya harusi niliingia mlango wa mbele. Nilivaa lile gauni la kijani la mama, nimelipunguza. Mshereheshaji akasema vuteni, na ile sauti, nyuzi mia tatu zinafumuka pamoja, ilinipanda mgongoni. Watu walisoma, wakasoma tena, wakageukiana. Mzee mmoja wa meza ya kati akausoma mstari wa pili kwa sauti, polepole, kama anaukagua. Mimi nilikuwa namtazama Shangazi tu.

Unajua kilichotokea? Walipiga makofi. Mmoja alianza, wakafuata, wengine wakasimama. Mwanamke jirani yangu alikuwa analia, anasema ni mama gani huyu mwenye moyo wa kujianika hivi mbele za watu. Walimsifu! Nilitamani kupindua meza. Nilisubiri miaka sita nimwone anaaibika, wakamvika kilemba.

Lakini Shangazi hakuinua uso hata mara moja. Makofi yalipozidi aliinuka, akapita katikati ya meza akiwa ameinama, akatoka kwa mlango wa jikoni. Watu wakadhani ameenda kutazama chakula. Hakurudi mpaka keki imekatwa. Hapo ndipo nilipopata changu, Mama mdogo, na ladha yake niliipenda, sitasema uongo.

Maharusi watano wameshaniagiza. Mmoja ameuliza kama anaweza kumleta mama mkwe wake chumbani kwangu aje kuandika. Nimemwambia huduma hiyo ina bei yake.

Sasa tuje kwetu. Siku ya kumi na mbili Shangazi alipomaliza, alifunika kalamu, akaniambia jambo moja bila kuulizwa. Kwamba wewe siku ile ulikaa meza ya pili. Kwa hiyo niliomba kukaa meza ya pili. Kutoka pale, mlango wa jikoni uko mbele yako. Huhitaji hata kugeuza shingo. Nilimuuliza mhudumu kama meza zimewahi kuhamishwa, akasema ziko hivyo tangu ukumbi ufunguliwe.

Nimekuuliza mara ya kwanza ukaruka. Mara ya pili ukaniambia vidole vimekufa ganzi. Ndani ya bahasha hii kuna kifuko kimoja, kimeshonwa pande tatu kwa shuka lako mwenyewe. Kikaratasi kimo, kitupu. Sindano na uzi nimekuwekea. Andika, shona, nirudishie. Usiponirudishia sitakuandikia tena, nawe unanijua.

Chiriku


Tarehe 28 Septemba

Mwanangu,

Kifuko kilinifikia mwezi uliopita, kimekaa chini ya mto wangu. Upande wa nne nimeushona mwenyewe, usicheke mshono. Vuta uzi.

Mama yako mdogo


[Kikaratasi cha ndani]

Shangazi yako alikuwa amenipa barua ya kuniombea kazi hii ya dobi asubuhi ya harusi ile, ilikuwa kwenye mkoba mapajani. Mlango wa jikoni ulifunguka. Mama yako akaniona, akanitabasamia, akasubiri nisimame. Nikainamia sahani yangu, nikaendelea kula.